Fomu 8606 na Dola Iliyokwisha Kutozwa Kodi: Ushauri kwa Wana-Kigoma Wanaofanya Kazi Marekani

Mfumo wa kodi wa Tanzania humzoesha mfanyakazi kuishi bila kumbukumbu zake mwenyewe za michango ya uzeeni, kwa kuwa mwajiri ndiye anayekata mchango wa NSSF au wa PSSSF katika mshahara, ndiye anayeuondoa kabla ya kukokotoa kodi ya mshahara iitwayo PAYE, na ndiye anayepeleka kodi hiyo kwa Mamlaka ya Mapato, huku mfuko ukitunza hesabu ya mwanachama mpaka siku ya kudai mafao. Mazoea hayo husafiri pamoja na mtu. Mwana wa Kalinzi aliyepata viza ya bahati nasibu, mzaliwa wa Ujiji aliyekwenda kusoma akabaki kazini, na kijana wa Kikongo aliyekulia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, kabla ya familia yake kupewa makazi Kentucky au Iowa, wote huelekea kuamini kwamba taasisi inayopokea akiba yao ya uzeeni inajua pia ni sehemu gani ya akiba hiyo imekwisha kutozwa kodi. Haijui. Marekani kumbukumbu hiyo ni jukumu la mlipa kodi mwenyewe, na mahali pa kuiandika ni fomu ya kurasa mbili iitwayo Fomu 8606.

Akaunti inayohusika hufahamika kwa herufi IRA, yaani akaunti binafsi ya akiba ya kustaafu, ambayo Bunge la Marekani liliianzisha kwa sheria ya mwaka 1974 ili mtu aweze kujiwekea akiba nje ya mpango wa mwajiri. Aina ya kwanza, inayoitwa IRA ya kawaida, humpa mchangiaji nafuu ya kuuondoa mchango wake katika mapato yanayotozwa kodi mwaka huo, kisha kodi hulipwa fedha zinapotolewa uzeeni. Mageuzi ya kodi ya mwaka 1986 yaliwanyima nafuu hiyo wengi wenye mpango wa uzeeni kazini, lakini yakawaruhusu waendelee kuchangia bila nafuu, na tangu mwaka wa kodi 1987 mchango wa namna hiyo umekuwa ukihitaji kuandikwa ili fedha ile ile isije ikatozwa kodi mara ya pili. Aina nyingine, Roth, iliyopewa jina la seneta William Roth wa Delaware, ilitungiwa sheria mwaka 1997 na kuanza kutumika 1998. Mchango wake hauna nafuu unapoingia, lakini mtaji na faida yake hutoka bila kodi yoyote, ilimradi miaka 5 imetimia na mwenye akaunti amefikisha umri wa miaka 59 na nusu.

Kiwango cha juu cha mchango kwa mwaka wa kodi 2025 ni dola 7,000, au dola 8,000 kwa aliyefikisha miaka 50, ukijumlisha akaunti zote za kawaida na za Roth za mtu mmoja, na mchango hauwezi kuzidi kipato chake cha kazi cha mwaka huo. Mtu asiye na ndoa ambaye ana mpango wa uzeeni kazini, jambo linaloonyeshwa na alama iliyowekwa katika kisanduku cha 13 cha hati ya mshahara iitwayo W-2, huanza kupoteza nafuu mapato yake yakizidi dola 79,000 na huikosa yote yakifika dola 89,000, ilhali kwa wanandoa wanaowasilisha ritani moja mipaka hiyo ni dola 126,000 na 146,000. Aliyezidi hapo bado anaruhusiwa kuchangia Roth moja kwa moja na kwa ukamilifu mpaka mapato yake yafike dola 150,000, au dola 236,000 kwa wanandoa, na kwa huyo ushauri ni mfupi: achangie Roth moja kwa moja na asijitafutie kazi ya kujaza Fomu 8606.

Kundi linalopaswa kusoma kwa makini zaidi si la matajiri, ingawa maandishi mengi ya Kimarekani huandika kana kwamba ni la matajiri peke yao. Ni kundi la watu wa ndoa ambao mwenzi wao amebaki nyumbani. Mume anafanya kazi ghalani Louisville, mke yuko Kalinzi akiangalia mibuni na watoto, na kwa kuwa mke hana namba ya kodi ya Marekani, mume huwasilisha ritani kama mtu wa ndoa anayewasilisha peke yake. Sheria inamchukulia mtu huyo, kwa madhumuni ya IRA, sawa na asiye na ndoa, lakini kwa sharti moja, kwamba hakuishi na mwenzi wake wakati wowote katika mwaka huo. Akienda likizo Desemba akakaa nyumbani na mkewe wiki tatu, anaweza kuhesabiwa kuwa ameishi naye, na hapo mipaka yote iliyotajwa juu huporomoka: ruhusa ya kuchangia Roth moja kwa moja huanza kupungua tangu dola ya kwanza ya mapato na kwisha kabisa katika dola 10,000, na nafuu ya IRA ya kawaida, kama ana mpango kazini, hufutika katika mpaka huo huo. Kwa maneno mengine, mfanyakazi wa mshahara wa dola 75,000, au hata wa dola 40,000, anajikuta amefungiwa njia ambayo jirani yake mwenye dola 140,000 anapita bila kuulizwa, kwa sababu tu ya kuitembelea familia yake. Ni sheria isiyo na huruma kwa wahamiaji, lakini ndiyo iliyopo, na aliyechangia Roth bila kuijua hutozwa faini ya asilimia 6 ya kiasi kilichozidi kila mwaka mpaka akiondoe.

Wapo wanandoa wanaoepuka tatizo hili kwa kuchagua kwa maandishi kwamba mwenzi aliye nje ahesabiwe kuwa mkazi wa Marekani kwa ajili ya kodi, ili wawasilishe ritani moja ya pamoja. Uchaguzi huo mara nyingi huleta unafuu, lakini pia huyaingiza mapato ya mwenzi yanayopatikana popote duniani, yakiwemo ya kahawa, katika hesabu ya kodi ya Marekani, na humlazimu mwenzi kuomba namba ya kodi, kwa hiyo hesabu ifanyike kwanza kwa njia zote mbili kabla ya kuamua.

Asiyeweza kuchangia Roth moja kwa moja bado ana njia ya mzunguko, ambayo Wamarekani wenyewe huiita ya mlango wa nyuma. Anaweka mchango usio na nafuu katika IRA ya kawaida, jambo ambalo halina kikomo cha mapato, kisha anauhamishia Roth. Kuhamisha nako kuliwahi kuwa na kikomo: hadi mwaka 2009 mwenye mapato yaliyozidi dola 100,000 hakuruhusiwa, na mtu wa ndoa aliyewasilisha peke yake ilhali anaishi na mwenzi wake alizuiwa bila kujali kipato chake, lakini tangu 2010 vizuizi vyote viwili vimeondolewa. Njia hiyo ni halali kabisa. Kinachowaponza watu ni karatasi.

Taasisi inayotunza akaunti hutoa hati mbili, na hakuna hata moja inayosema lile linalohitajika. Hati ya 1099-R, inayofika mwanzoni mwa mwaka unaofuata, huonyesha katika kisanduku cha 1 kwamba dola 7,000 zimetoka katika IRA ya kawaida, hurudia dola 7,000 hizo hizo katika kisanduku cha 2a kana kwamba zote zinatozwa kodi, kisha huweka alama katika kisanduku cha 2b kukiri kwamba kiasi kinachotozwa kodi hakijabainishwa. Hati ya 5498, ambayo hufika baadaye sana, kufikia mwisho wa Mei, wakati wengi wamekwisha kuwasilisha ritani zao, huonyesha mchango na uhamisho lakini haisemi kama mchango ulipata nafuu au la. Mtayarishaji wa ritani anayelipwa kwa kila kichwa, au programu ya kompyuta isiyoulizwa swali sahihi, huchukua zile dola 7,000 na kuziongeza katika mapato. Kwa mfanyakazi aliye katika ngazi ya asilimia 22, huo ni ulipaji wa dola 1,540 juu ya fedha iliyokatwa kodi tayari katika mshahara wake.

Ujazaji wenyewe si mgumu ikiwa mtu hana IRA nyingine ya kawaida. Katika sehemu ya kwanza ya Fomu 8606, mstari wa 1 hupokea mchango usio na nafuu wa mwaka huo, tuseme dola 7,000. Mstari wa 2 hupokea fedha iliyokwisha kutozwa kodi iliyobaki kutoka miaka ya nyuma, ambayo kwa mwanzo ni sifuri. Mstari wa 6 huuliza salio la akaunti zote za kawaida ilipofika Desemba 31, nalo ni sifuri kwa sababu zote zimehamishwa. Na mstari wa 8 huandikwa kiasi kilichohamishiwa Roth. Hesabu ikiteremka hadi mwisho wa sehemu ya pili, mstari wa 18, kiasi kinachotozwa kodi kinakuwa sifuri, na hicho ndicho kinachopelekwa katika mstari wa 4b wa Fomu 1040, huku mstari wa 4a ukionyesha dola 7,000. Kama fedha zilikaa siku chache zikazaa dola 12 kabla ya kuhamishwa, dola hizo 12 ndizo zitakazotozwa kodi, na hakuna sababu ya kuhangaika nazo.

Ugumu huanza pale mtu anapokuwa na IRA ya zamani, hasa ile iliyotokana na mpango wa 401(k) wa mwajiri aliyemwacha, na wafanyakazi wa maghala na viwanda vya nyama, wanaobadilisha kazi mara kwa mara, huwa nazo bila hata kukumbuka. Wengi hudhani kwamba wanaweza kuichagua ile akaunti mpya yenye dola 7,000 safi na kuiacha ile ya zamani pembeni. Sheria haikubali, kwani huzihesabu akaunti zote za kawaida za mtu mmoja kuwa akaunti moja, zikiwemo zile za SEP na SIMPLE zinazofunguliwa kupitia biashara au mwajiri mdogo, na kila dola inayohama hubeba uwiano ule ule wa fedha iliyotozwa na isiyotozwa kodi. Mkulima wa Kalinzi analielewa jambo hili bila shida: kahawa mbivu za wanachama zikishamwagwa pamoja kwenye mtambo wa kumenyea wa chama, hakuna atakayeondoka na kilo ishirini akidai kuwa ni za shamba lake tu, gunia lolote litakalotoka ni la wote kwa kadiri ya walichopeleka.

Kwa tarakimu, mtu mwenye dola 21,000 katika IRA ya zamani ambazo hazijawahi kutozwa kodi, akiongeza dola 7,000 zisizo na nafuu na kuhamisha dola 7,000 tu, atajikuta na jumla ya dola 28,000 katika mstari wa 9, na uwiano wa 0.250 katika mstari wa 10. Maana yake ni kwamba dola 1,750 tu za uhamisho ndizo zinazohama bila kodi, dola 5,250 zinaingia katika mapato ya mwaka, na dola nyingine 5,250 zilizokwisha kutozwa kodi zinabaki katika mstari wa 14 zikisubiri miaka ijayo. Namba hiyo ya mstari wa 14 ndiyo ya thamani kuliko zote katika fomu, kwa sababu ndiyo itakayonakiliwa katika mstari wa 2 wa fomu inayofuata, hata kama itapita miaka 10 kabla ya fomu inayofuata kuhitajika, na mlipa kodi akiipoteza, itamlazimu kuikusanya upya kutoka karatasi za miaka yote ya nyuma.

Dawa ya uwiano huo ipo, nayo ni kuihamishia fedha isiyotozwa kodi katika 401(k) ya mwajiri wa sasa, ikiwa mpango wake unapokea fedha kutoka nje, kwa sababu salio la 401(k) halihesabiwi katika mstari wa 6. Kinachoangaliwa ni salio la Desemba 31 ya mwaka wa uhamisho, wala si la siku ya uhamisho, kwa hiyo anayegundua tatizo Oktoba bado ana muda wa kulitatua, na anayehamisha Machi akiwa na akaunti safi, kisha Novemba akaleta IRA kutoka 401(k) ya kazi aliyoiacha, ameiharibu hesabu yake mwenyewe. Akaunti za mume na mke hazichanganywi kamwe, hata wakiwa na ritani moja, na kila mmoja hujaza Fomu 8606 yake.

Kosa jingine linalorudiwa sana linatokana na kalenda. Mchango wa mwaka wa kodi 2025 unaweza kuwekwa mpaka Aprili 15, 2026, lakini uhamisho huhesabiwa katika mwaka ambao fedha zimehama kweli. Mtu anayeweka dola 7,000 Februari 2026 kwa ajili ya mwaka 2025, na kuzihamisha wiki hiyo hiyo, anahitaji fomu mbili za miaka miwili: ile ya 2025 ina mchango tu, na namba yake inashuka moja kwa moja kutoka mstari wa 3 hadi wa 14, ilhali uhamisho utaonekana katika fomu ya 2026, ambayo mstari wake wa 2 utaanza na dola 7,000 hizo. Anayesubiri hati ya 1099-R ndipo ajaze chochote atairuka fomu ya kwanza, na mwaka unaofuata hatakuwa na cha kunakili. Njia iliyo salama zaidi kwa asiyependa hesabu ni kuchangia na kuhamisha ndani ya mwaka mmoja wa kalenda.

Siku ya kuomba uhamisho, taasisi huuliza kama ikate kodi, na asiyejibu hukatwa asilimia 10. Jibu liwe hapana. Dola 700 zikikatwa katika dola 7,000 zinakuwa hazikufika Roth, huhesabiwa kuwa zimetolewa matumizini, na sehemu yake inayotozwa kodi, ikiwa ipo, huongezewa adhabu ya asilimia 10 kwa asiyefikisha miaka 59 na nusu. Ikumbukwe pia kwamba tangu mwaka wa kodi 2018 uhamisho haurudishwi nyuma; zamani aliyejuta aliweza kuutengua, siku hizi hawezi.

Aliyesahau fomu kwa miaka kadhaa hajapotea. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, katika chapisho lake namba 590-A, inasema kwamba mchango usio na nafuu usioripotiwa utachukuliwa kama mchango uliopata nafuu, isipokuwa mlipa kodi aonyeshe ushahidi wa kuridhisha, na ushahidi huo ni nakala za ritani za miaka husika zinazoonyesha kuwa nafuu haikudaiwa, pamoja na hati za 5498. Ajaze Fomu 8606 ya kila mwaka uliorukwa, kwa toleo la mwaka ule ule, akianzia wa kale kabisa ili mstari wa 14 wa mmoja uingie katika mstari wa 2 wa mwingine, na kama uhamisho ulitozwa kodi isivyostahili, adai fedha zake kwa ritani ya marekebisho iitwayo 1040-X, ambayo kwa kawaida hupokelewa ndani ya miaka 3 tangu ritani ya kwanza iwasilishwe. Faini ya kutoiwasilisha fomu ni dola 50, nayo husamehewa ikiwa kuna sababu ya msingi. Faini ya kuandika mchango mkubwa kuliko uliotolewa ni dola 100. Ukilinganisha na dola 1,540 za mfano uliotangulia, woga wa faini si sababu ya kunyamaza.

Suala la kurudi nyumbani linahitaji uangalifu wa peke yake. Raia wa Marekani, au mwenye kadi ya kijani, anayekwenda kuishi Kigoma anaendelea kuwajibika kuwasilisha ritani Marekani, na akitumia msamaha wa kipato cha kazi kinachopatikana nje kwa mshahara wake wote, hana tena kipato cha kazi kinachomruhusu kuchangia IRA, kwa hiyo mchango atakaoweka huko utakuwa wa ziada na utaangukia katika faini ya asilimia 6. Lakini kuhamisha fedha zilizomo tayari bado kunaruhusiwa, na asiyelazimika kuwasilisha ritani mwaka huo anaweza kuijaza Fomu 8606 peke yake, akaitia sahihi na kuituma.

Mwenye akaunti akifariki, fedha iliyokwisha kutozwa kodi haifi naye. Mrithi anairithi pamoja na akaunti, na ana haki ya kuitoa bila kutozwa tena. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato, kwa hiyo mrithi aliye Kalinzi, ambaye si raia wala mkazi wa Marekani, kwa kawaida atakatwa asilimia 30 ya kila kinachotoka katika IRA ya kawaida, na kuipata sehemu iliyotozwa kimakosa kutamtaka aombe namba ya kodi ya Marekani na kuwasilisha ritani ya asiye mkazi, yaani 1040-NR, akiambatanisha Fomu 8606 yenye namba ambayo marehemu peke yake ndiye aliyekuwa akiijua. Roth iliyotimiza miaka yake 5 haimletei mrithi kodi hiyo. Basi kila mwenye akaunti ahakikishe jina la mrithi limeandikwa kwenye taasisi inayoitunza, aweke nakala za Fomu 8606 zote pamoja na wosia, na amwachie mtu mmoja aliyeko Kigoma picha ya ukurasa wenye mstari wa 14 wa mwaka wa mwisho.